Barua ya wazi kwa Kamati ya Mazungumzo ya Kanda: mliiga zulia, mkaacha masharti

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Maandalizi,
Mazungumzo ya Jamii ya Kanda.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wajumbe,

YAH: UTEUZI NA MAANDALIZI YA WATOA MADA WA KANDA YETU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wakufunzi wa kujitolea wanaowaandaa watoa mada kabla hawajapanda jukwaani. Ninayoyaandika hapa si mageni kwenu. Niliyasema kwenye kikao cha tathmini, nikaambiwa niyaweke kwenye maandishi. Nikayaweka kwenye maandishi, nikaambiwa yatajadiliwa. Tangu hapo kimya, na sasa tangazo la mkutano ujao limeshatoka likiwa na majina ya "watoa mada wakuu" ambao hakuna hata mkufunzi mmoja anayejua walipatikanaje. Ndiyo maana leo nayasema hadharani. Sina ugomvi na mjumbe yeyote, na mkutano wenyewe naupenda. Ningekuwa siupendi ningenyamaza, kwa kuwa kunyamaza hakuna gharama.

Malalamiko yangu yote yana shina moja. Mkutano huu umejitangaza kuwa ni jukwaa la watu wa kanda hii kusema wanayoyajua. Kwa namna unavyoendeshwa, watu hao wamegeuzwa mapambo. Wanapangwa katikati ya ratiba ili picha zipendeze, huku muda, maandalizi na heshima vikienda kwa wenye vyeo.

Sote tunajua tuliiga wapi. TED ilianza mwaka 1984 huko Monterey, California, ukiwa mkutano wa waalikwa kuhusu teknolojia, burudani na ubunifu. Mwaka 2006 hotuba zake zikaanza kuwekwa mtandaoni bure, na mwaka 2009 ikaja TEDx, leseni isiyolipiwa inayowaruhusu watu wa mahali popote kuandaa mkutano wao wenyewe. Sisi hatuna leseni hiyo, na hilo si kosa, maana hakuna mwenye hatimiliki ya watu kukaa pamoja wakasikilizana. Ila tulipokwenda kuazima, tulibeba zulia jekundu la duara, saa inayohesabu kurudi nyuma, kipaza sauti cha shavuni na kikomo cha dakika 18. Masharti tuliyaacha huko huko: kwamba mtoa mada halipi ili apewe nafasi, kwamba jukwaani hapauzwi bidhaa, kwamba mdhamini haamui nani aseme nini, na kwamba madai ya kisayansi yanahakikiwa kwanza. Tulivyovibeba vinaonekana kwenye kamera. Tulivyoviacha havionekani, mpaka siku vinapokosekana.

Naomba sasa niyataje moja baada ya jingine.

1. Hakuna anayejua watoa mada wanachaguliwaje.

Mnasema milango iko wazi kwa wote. Fomu ya maombi ninayo hapa. Inataka picha ya kitaalamu, wasifu usiozidi maneno 150 na, kwa lazima, kiungo cha video ya hotuba ambayo mwombaji aliwahi kuitoa. Bila kiungo hicho fomu haitumiki. Kitufe kinabaki cha kijivu. Sasa mtu ambaye hajawahi kupewa jukwaa ataitoa wapi video ya jukwaani? Fomu hiyo haimtafuti mtu mwenye jambo la kusema. Inamtafuta mtu aliyekwisha kusikika, halafu mwisho wa mwaka ripoti inasema watu wa kawaida "hawajitokezi".

Waliopita kwenye tundu hilo la sindano walipitia kwa kujuana. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Hata mimi nimewahi kumpendekeza mtu ninayemfahamu, na alistahili. Lakini kupendekezana kusipokuwa na vigezo vilivyoandikwa, anayejulikana ndiye anayeendelea kujulikana.

2. Maandalizi yanamfuta mtu badala ya kumwandaa.

Hapa mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Kwenye mkutano uliopita tulikuwa na mama mfugaji wa nyuki. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na fremu ya mzinga, masega yake makavu, ameifunga kwenye kitambaa. Hakusubiri kuulizwa. Alisema kundi lililopoteza malkia yeye hulijua kwa masikio kabla hajafungua mfuniko: mvumo wa kila siku hugeuka kuwa ngurumo ndefu isiyotulia. Akaiigiza, midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani. Kisha akaeleza kwa nini moshi unatangulia mkono. Moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki huitoa ili kuitana, na nyuki wakiuhisi hukimbilia asali kujaza matumbo, kana kwamba wanajiandaa kuhama. Nyuki aliyeshiba hana haraka ya kuuma. Wakufunzi tuliokuwa na kalamu tuliziweka chini.

Baada ya siku chache yakaja maelekezo kutoka kwenye kamati. Fremu isipande jukwaani, itaharibu mwonekano. Sauti ya nyuki iondolewe, watu watacheka. Aanze na kisa cha utotoni, kisha aseme "safari" yake, kisha amalizie na sentensi moja ambayo watu wataiandika kwenye simu. Akatengenezewa slaidi, ya kwanza ikiwa picha ya asali inayomiminika kutoka kwenye kijiko cha mbao, imetolewa kwenye benki ya picha mtandaoni. Kwenye slaidi zote hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Siku yenyewe alisimama ndani ya duara, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, anakariri aya kuhusu ndoto na uthubutu zilizoandikwa na mtu asiyewahi kukaribia mzinga. Katikati akapotea. Akaitazama saa, akaruka mpaka mwisho, akashukuru. Makofi aliyopigiwa yalikuwa ya kumwonea huruma, na yeye aliyatambua. Ukumbi mzima ulitoka bila kujua kwamba mzinga usio na malkia una sauti yake.

Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Yule mama alicheza kwao, akavuliwa ngoma na kupewa wimbo wa watu wengine.

Msiniambie mtindo haukuruhusu. Mwaka 2007 TED ilifanya mkutano wake wa TEDGlobal jijini Arusha, na mmoja wa waliopanda jukwaani alikuwa William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa ada na akaunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kutokana na vifaa chakavu. Hakuna aliyemlazimisha ahutubie dakika 18. Chris Anderson, msimamizi wa TED wakati huo, alisimama naye, picha za kinu zikawekwa kwenye skrini, akamuuliza maswali mafupi na kijana akajibu kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Ukumbi ulimwelewa. Mwaka 2009 alirudi, safari hii Oxford, akasimulia mwenyewe kuanzia mwanzo. Wenye mtindo wao waliukunja ili mtu apite. Sisi ambao tumeuazima tunamkunja mtu.

3. Muda umegawanywa kwa vyeo.

Dakika 18 ni kikomo, siyo mgao wa wakubwa. Kwenye ratiba iliyopita watoa mada wakuu walipewa 18 na wengi wakapitiliza, mshereheshaji akitabasamu pembeni. Watoa mada wa kanda walipewa sita, na sekunde ya mwisho ilipofika kengele ikalia. Kama mnaamini ufupi ni bora, basi uwe bora kwa wote. PechaKucha, mtindo wa mada fupi za slaidi ulioanzia Tokyo mwaka 2003, humpa kila mmoja slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, yaani dakika 6 na sekunde 40, awe msanifu majengo mwenye jina au mwanafunzi. Huo ni ufupi wa haki.

4. Yasiyo kweli yanapigiwa makofi.

Mtoa mada mkuu wa mwisho alituambia binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Si kweli. Picha za ubongo unaofanya kazi zinaonyesha sehemu zake zote zinashughulika, na ni vigumu kupata sehemu inayoweza kujeruhiwa bila mtu kupungukiwa na kitu. Baada ya dakika chache akasema asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Hiyo nayo imezunguka kumbi nyingi. Imetokana na tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, zilizopima jinsi msikilizaji anavyokisia hisia za msemaji pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hazikuhusu mawasiliano yote, na Mehrabian mwenyewe ameshalifafanua hilo. Ingekuwa kweli, tungezima vipaza sauti tukaokoa umeme.

Kinachoniuma si kwamba mtu alikosea. Mkunga aliyezungumza asubuhi hiyo hiyo alitakiwa kuleta cheti, barua ya utambulisho na maelezo ya kila sentensi inayogusa afya. Sina tatizo na hilo, ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini huyu wa asilimia 10 hakuulizwa kitu, kwa sababu wasifu wake ulikuwa mrefu. TED iliwaandikia waandaaji wa TEDx Desemba 2012 kuwaonya kuhusu sayansi ya uongo jukwaani, na ikasema wazi kwamba mwandaaji anaweza kunyang'anywa leseni kwa jambo hilo. Walikuwa wameshaona kwamba jukwaa lenye taa nzuri huufanya uongo uonekane umehakikiwa.

5. Mdhamini amekuwa mtoa mada.

Hili ni fupi. Mmoja wa wadhamini alipewa nafasi iliyoandikwa "mada" kwenye ratiba, na alichokifanya ni kutangaza huduma yake mpya, mpaka namba ya simu kwenye skrini. Mdhamini ashukuriwe, bango lake liwekwe mlangoni, jina lake litajwe. Akitaka kuuza, anunue tangazo.

6. Lugha inachaguliwa kwa ajili ya watu ambao hawapo ukumbini.

Watoa mada wanashauriwa, na neno hilo nalitumia kwa upole, wazungumze Kiingereza ili "video ifike mbali". Matokeo yake mtu anayejua kazi yake kwa miaka mingi anasimama mbele ya majirani zake akitafuta maneno kama anayefanya mtihani. Mikutano ya TEDx imefanyika kwa lugha nyingi duniani, na tangu mwaka 2009 TED ina mpango wa wafasiri wa kujitolea ambao wamekwisha kuandika manukuu, yaani tafsiri zinazosomwa chini ya video, kwa lugha zaidi ya 100. Njia ya kufika mbali ni hiyo: mtu aseme kwa lugha anayoimudu, manukuu yaje baadaye. Vijana wanaoweza kazi hiyo tunao, na wameshajitolea.

Na kuna jambo la mkalimani wa lugha ya alama. Aliwekwa pembeni ya jukwaa, vizuri, kisha taa za ukumbi zikazimwa na mwanga wote ukaelekezwa kwenye zulia. Alitafsiri mkutano mzima gizani. Watu waliokuwa wanamtegemea walihama viti mara mbili kumfuata, halafu wakatoka nje.

7. Video ni za nani?

Watoa mada walisaini karatasi asubuhi ya mkutano, wakiwa wamepanga mstari kuvalishwa vipaza sauti, hawajapewa muda wa kuisoma. Hotuba za wakuu zimeshawekwa. Za wengine zimekatwa vipande vya sekunde chache na kutumika kwenye matangazo, nembo ya mdhamini ikiwa juu ya paji la uso. Fundi pampu mmoja ameniuliza hotuba yake kamili iko wapi ili awaonyeshe wanafunzi wake. Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu Mwenyekiti, najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia koridoni.

Mtasema watoa mada wakuu ndio wanaojaza ukumbi. Inawezekana ndio wanaouza tiketi za mwanzo, sibishi. Lakini nilikuwepo wakati wa mapumziko. Mtoa mada mkuu alikuwa ameshaondoka na gari. Watu walikuwa wamemzunguka yule mama wa nyuki karibu na meza ya maji, fremu imeshatoka kwenye kitambaa, anaigiza ile ngurumo kwa mara ya tatu au ya nne, na hakuna aliyecheka. Mkutano tulioukosa ukumbini ulikuwa unafanyika pale.

Mtasema mnalinda ubora. Basi tuelewane ubora ni nini. Kama ni kuongea bila kusita na kutembea kwa hatua zilizopimwa, tunao waigizaji wazuri, tuwaite. Kama ni jambo la kweli, linalojulikana kwa karibu, lililosemwa likaeleweka, basi kazi yetu sisi wakufunzi ni kumsaidia mtu aliyonayo yasikike, na kazi hiyo inaanza kwa kumsikiliza.

Mtasema ninyi ni watu wa kujitolea, hamna ofisi wala mishahara. Ni kweli, na nawaheshimu kwa hilo. Mimi pia najitolea. Watoa mada wanajitolea zaidi yetu sote, kwa sababu wao ndio wanaosimama mbele ya watu wakitetemeka. Kujitolea kunatupa haki ya kushukuriwa. Hakutupi haki ya kutoulizwa.

Kuhusu hofu ya kuwaudhi wadhamini sina la kuongeza, ila hakuna mdhamini aliyewahi kuambiwa hapana tukaona atafanya nini.

Ninachoomba ni hiki. Kabla ya fomu mpya kufunguliwa, vigezo vya uteuzi na majina ya wanaochagua viwekwe wazi, na sharti la video ya awali liondolewe. Badala yake mtu aruhusiwe kutuma sauti ya dakika mbili kutoka kwenye simu yake, au apendekezwe na mwingine, au afike mwenyewe kwenye usaili wa ana kwa ana utakaofanyika nje ya makao ya kamati. Walau nusu ya nafasi za jukwaani ziende kwa watu ambao hawajawahi kuhutubia mkutano wowote. Muda uwe mmoja kwa wote. Mtoa mada achague lugha yake, achague kusimama, kukaa, kuhojiwa au kuonyesha kazi yake kwa mikono, na chombo chake cha kazi kipande naye. Kila dai la afya, sayansi au takwimu lihakikiwe na mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo, bila kujali wasifu wa anayelitoa. Karatasi ya ridhaa ya video itumwe mapema ikiwa katika lugha anayoisoma mhusika, na hotuba kamili za mkutano uliopita zipandishwe zote. Hesabu za viingilio na udhamini zitolewe kwa muhtasari, ukurasa mmoja unatosha.

Kwa yule mama naomba jambo la peke yake: aalikwe tena, na safari hii aachwe.

Majadiliano nipo tayari kuyafanya mbele ya wakufunzi wenzangu na watoa mada waliopita, siyo koridoni. Usaili ukifunguliwa kabla sijapata jibu, sitamwandaa mtoa mada yeyote kwa utaratibu uliopo, na wakufunzi wengine wawili wameniruhusu niseme kwamba nao wako pamoja nami.

Wenu katika kazi ya jamii,

Mkufunzi wa kujitolea wa watoa mada
(jina na sahihi vimo kwenye nakala mliyopokea)

Nakala kwa:
Watoa mada wote wa mkutano uliopita
Wakufunzi wa kujitolea
Wadhamini